Petroli Katika Tangi la Dizeli

Kila asubuhi kabla ya safari, binti alikagua maji ya injini, akahakikisha tela limefungwa sawasawa, kisha akamimina dumu la mafuta tangini. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba yake. Tangu wamzike, miezi miwili sasa, msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliifanya yeye, kimya, kana kwamba mikono ile ni ya mtu mwingine. Hakulia, hakucheka. Chakula alikitafuna tu.

Mama yake alikuwa daktari wa macho. Waliishi ndani ya gari kubwa lililojengewa vitanda na jiko, likivuta tela lenye mashine ya kuchongea miwani. Siku hiyo wagonjwa arobaini waliwasubiri ng'ambo ya mlima.

Binti alikuwa amekwisha kumimina alipoona dumu ni jekundu. Dumu jekundu lilikuwa la petroli ya jenereta. Gari lilitumia dizeli.

Moyo haukumshtuka hata kidogo. "Nani atajua?" alijiuliza, kama anayewaza mambo ya jirani.

Mama alishapanda, mkono uko kwenye ufunguo. "Tayari, mwanangu?"

Binti akasogea dirishani. "Mama, usiwashe. Nimetia petroli."

Mama akauchomoa ufunguo taratibu. Hakugomba. Akampigia simu fundi wa magari.

Fundi alikuja na mpira wa kunyonyea mafuta. Akanusa tangi, akatikisa kichwa. "Loo! Mmelinywesha gari pombe badala ya uji!"

"Si yote ni mafuta tu?" binti aliuliza.

"Thubutu! Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ni nyepesi, haina makelele, na kwenye barabara tambarare inakimbia kama swala. Ifungie tela mlimani uone inavyohema! Ya dizeli huibana hewa mpaka ikapata moto, mafuta yakawaka yenyewe. Inanguruma, ni nzito, lakini mzigo inauvuta polepole bila kuhangaika. Tena dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Petroli ingeikausha ikasagika. Mngewasha, msingefika leo wala kesho."

"Ndiyo maana baba alibadilisha gari," binti alisema. "Lile la petroli, mlimani tulikuwa tunashuka tunatembea."

Mama alimgeukia. Tangu mazishi, alikuwa hajawahi kumsikia akimtaja baba.

Fundi alinyonya mafuta mpaka tangi likakauka, akabadilisha chujio, akatia dizeli safi. Injini ikanguruma. Walipanda mlima na tela lao nyuma, wakafika adhuhuri, wagonjwa wakiwa bado kwenye foleni.

"Mama, umenikasirikia?"

"Umekosea, sikufichi. Lakini ulisema kabla sijawasha, na hawa wote watapimwa leo. Kusema kweli hakungoji moyo uchangamke, mwanangu. Hata siku usiyohisi kitu, sema. Na siku kama hizo niambie, tuyaangalie madumu pamoja."