Waliofungiwa Nje ya Lango la Shihu

Asubuhi ile kila kitu kiliganda katika ngome ya Shihu: maji ya kisimani, siki ya jikoni, hata mate ya farasi kwenye hatamu. Wino wa Kamanda Ruan Boheng peke yake haukuganda. Ulitulia katika kijiwe chake cha kusagia wino, ukifuka mvuke kama chai.

Ruan hakujali. Vita vilikuwa kazi yake, lakini kuchora ndiko kulikomtuliza, na tangu wapanda farasi wa nyikani walipoishambulia ngome, majira ya majani kupukutika, hakuwa na kitulizo kingine. Alichora mlima, misonobari, na njia nyembamba ishukayo kutoka kileleni. Akatoka kukagua zamu ukutani. Aliporudi, njiani mle mlikuwa na watu wadogo kama punje za mtama. Kumi na saba.

Akaichoma karatasi. Kesho yake alichora mianzi tu, na kufikia adhuhuri watu wale walikuwa wamesimama katikati ya mianzi, wakubwa zaidi, karibu zaidi. Siku ya tatu hakushika brashi kabisa, lakini karatasi tupu ikajichora yenyewe mbele ya macho yake, chumba kikanuka farasi aliyelowa damu, na kutoka ndani ya karatasi, nyembamba kama ganda la kitunguu, kikasikika kishindo kizito cha ngumi zinazogonga mbao, kishindo alichokijua, kwa kuwa alikwisha kukisikia mara moja akiwa ameegemeza mgongo wake kwenye komeo.

Siku ya shambulio Ruan alifunga lango mapema. Naibu wake, Pang Zhi, na askari kumi na sita walikuwa bado nje, wanakimbia kurejea. Kisha akaandika kwa wakubwa wa mji mkuu kwamba wametoroka. Pang Zhi alikuwa kaka wa mkewe, Suyun. Baba yao alivuliwa cheo kwa aibu hiyo, akafa kwa kihoro, na Suyun hakulitaja tena jina la kaka yake.

Sasa Suyun alikuwa kitandani chumba cha pili, mikono baridi kama chuma, akikohoa maji meusi.

Ruan akamwita Bi Xue, mganga wa pepo wa kule bondeni. Kikongwe yule aliinusa karatasi, akakataa chai.

"Hawa si wa kufukuzwa, Kamanda," alinong'ona. "Hufukuzwa aliyeingia pasipo haki. Hawa hapa ni kwao. Uliwaandikia nini?"

"Taarifa ya kawaida."

"Wagonjwa wananidanganya kila siku. Wewe usinichoshe."

Ruan akamwambia yote. Mganga akamtaka aandike upya, kweli tupu, jina kwa jina.

"Nikiandika hivyo watanikata kichwa."

"Usipoandika wataingia wenyewe. Wala hawataanzia kwako. Msikie mkeo."

Suyun alikuwa akikohoa. Ruan akaketi, akaandika, na wino ule wa moto ukatiririka kana kwamba ulikuwa ukimngojea. Mjumbe alipotoka langoni na barua, watu kumi na sita karatasini wakageuka, wakaanza kupanda mlima. Mmoja akabaki. Uso wake ukakua hadi ukaijaza karatasi nzima, ngumi zikaendelea kugonga, na kikohozi cha chumba cha pili kikaenda sambamba nazo, pigo kwa pigo.

"Huyu naye anataka nini?" Ruan alikuwa analia.

"Umewaambia wakubwa," alisema Bi Xue. "Dada yake je?"

Ruan alipiga magoti kando ya kitanda, akasema. Alisema jinsi Pang Zhi alivyomwita shemeji kupitia ufa wa lango, na alivyoendelea kuita muda mrefu kuliko wengine.

Suyun alimsikiliza hadi mwisho. "Aliniita na mimi?"

"Alikuita."

Hakulia. Alivaa koti, akaenda uani akijishikiza ukutani. Walinzi wakamtazama Ruan. Ruan akainamisha kichwa kukubali. Suyun akanyanyua komeo peke yake, yeye ambaye asubuhi hakuweza kunyanyua kikombe. Nje palikuwa na theluji tupu, bila unyayo hata mmoja.

"Pole kwa baridi, kaka," alisema taratibu. "Ingia."

Upepo haukuwepo, lakini ndimi za mienge miwili ya langoni zililala upande wa ndani.

Tangu saa hiyo Suyun hakukohoa tena, na karatasi ikawa nyeupe. Bi Xue akafungasha vitu vyake, akaondoka bila kuaga. Jioni Suyun aliandaa mabakuli matatu ya uji wa mtama. Alimhudumia mgeni kwanza. Uji wa bakuli lile ukapungua polepole, na Ruan, aliyeketi mkabala nalo, akasikia pumzi ya mtu aliyekimbia sana ikimpiga usoni.

Walikula hivyo siku kumi na moja. Wapanda farasi wa mji mkuu walipofika kumkamata, walishangaa kumkuta Kamanda amekwisha kusimama langoni, mikono ameinyoosha mbele, akiwasihi wafanye haraka.