Mfarishi wa Salomat

Kabati la ukutani nyumbani kwa Hojar lilikuwa na baridi yake lenyewe. Nje, mji mzima wa Margilan ulikuwa unatokota kwa jua la Julai, hata mbwa walikuwa wamejilaza hoi chini ya mizabibu. Lakini Oyniso alipoifungua ile milango ya mbao iliyovimba, hewa ya barafu ilimpiga usoni, nayo ilinuka pamba mbichi na dawa za mgonjwa.

"Funga hilo!" mama mkwe wake, Hojar, alifoka kutoka uani. "Nani kakutuma?"

"Mama, nepi za mjukuu wako ziko kwenye boksi la biskuti. Leo nalisafisha kabati hili, upende usipende."

Alilisafisha kwa hasira, maana huyo mama alikuwa amemchosha. Mumewe yuko Urusi kwenye ujenzi, yeye kabaki hapa kuamrishwa kutwa. Akatupa birika zilizotoboka, viatu vya marehemu baba mkwe na mavi ya panya. Akapigilia rafu mpya, akapaka rangi nyeupe. Chini kabisa, nyuma ya sanduku, akakuta mfarishi wa hariri, mwekundu kwa njano, umeshindiliwa pamba na kushonwa kwa mkono. Ulikuwa umelowa. Akauanika juani kutwa nzima, na jioni akauanua bado umelowa.

"Wa wifi yangu Salomat huo," Hojar alisema, safari hii kwa sauti ndogo. Salomat alikuwa dada wa marehemu mume wa Hojar, hakuolewa, na alifia chumba hicho hicho chenye kabati, wakati wa theluji. "Usiutoe nje watu wakauona. Kata kipande, mshonee mtoto kigodoro cha susu."

Oyniso angejiuliza kwanza! Kwetu, kilichomfunika mtu anapokata roho ni haki ya mwosha maiti, hata mtoto mdogo analijua hilo. Lakini hariri ilikuwa nzuri, naye alikuwa hoi. Akakata, akashona.

Kesho yake Rayhon, binti yake mchanga, akapoa mwili. Hakulia wala hakunyonya. Miguu yake ilikuwa baridi kama mawe ya mfereji, na macho ameyakaza kwenye kabati. Adhuhuri, watu wote wamelala, Oyniso alimkumbatia mwanawe kifuani ili ampe joto, na ndipo akasikia nguo ikiburutwa polepole juu ya mbao, kisha mlango aliokuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe ukafunguka kidogo, na ile harufu ya dawa ikatoka ikajaa chumba kizima, na kutoka gizani, nyuma ya rafu zake nyeupe, sauti kavu ya mwanamke, tena yenye hasira, ikasema, "Hojar, acha kuvuta. Bado napumua."

Oyniso alitoka mbio na mtoto, akamkuta mama mkwe wake ukumbini, kasimama, mweupe kama unga.

"Umesikia nini?" Hojar alinong'ona.

"Nimesikia ulichomfanya! Ulimvua mfarishi angali hai?"

"Punguza sauti, mwanangu! Alikuwa anakufa tu. Hariri yote ile apewe Mastura, mwosha maiti? Kweli, we ungekubali?"

Subhanallah! Mtu anaganda kwa baridi, na mwenzake anahesabu pamba.

Oyniso alimwita Bibi Mastura mwenyewe, mwosha maiti wa mtaa wetu. Bibi alikuja na kikaango cha isiriki, majani ya kufukizia, yanayofuka moshi, akazunguka chumba akisoma, akamgusa mtoto miguu.

"Salomat nilimkuta chini ya gunia la kufunikia ng'ombe," alisema. "Kajikunja hivi. Nikalipokea gunia, nikanyamaza. Huyu humu si yeye, maiti hawarudi. Ni jini wa ukuta wenu. Alimsikia Salomat akiomba, na hasira haijamtoka. Hojar, simama langoni, waambie watu ulivyoupata, kisha nipe haki yangu. Ukichelewa, mtoto ataondoka."

"Mbele ya majirani?" Hojar akashika mlango. "Bora nife!"

Oyniso akapasuka. Alikwapua mfarishi na kile kigodoro, akatoka navyo hadi langoni, ambako wanawake walikuwa wanangoja mikate itoke tanurini.

"Sikilizeni!" alipiga kelele, machozi yanamtiririka. "Mama mkwe wangu alimvua Salomat mfarishi huu kabla hajakata roho, usije ukaenda kwa mwosha! Salomat alikufa kwa baridi, na sasa mwanangu analipa!"

Mikate iliungua siku hiyo. Bibi Mastura akaupokea mfarishi na kigodoro kwa mikono miwili. "Nimepokea," alisema, na huko ndani Rayhon akalia kwa nguvu zake zote, mwili moto, anataka ziwa.

Kabati limekauka tangu siku ile, na nepi zimepangwa. Lakini aliyetakiwa kusema ni Hojar, naye hajasema hata leo. Akijilaza mchana hujifunika mifarishi mitano, joto lote hili, na bado anatetemeka. Kisha inavutwa, mmoja mmoja. Oyniso huikuta kwenye rafu nyeupe, imekunjwa vizuri, bado ina joto la mwili. Huiacha hapo hapo. Na kila adhuhuri mtaa mzima tunamsikia Hojar akilia, "Niachie! Bado napumua!"