Damu ya Aar

Fadma alidhani ni paka. Sauti ilitoka mlangoni, ya ulimi unaolamba jiwe polepole, na jua lilikuwa la adhuhuri. Alipokwenda kutazama hakukuta kitu. Kizingiti kilikuwa kimelowa mate, na harufu ya damu mbichi ikampanda puani, ingawa jana alikisugua kwa majivu mpaka kikang'aa.

Jana ndiyo siku Itto alipokuja akikokota kondoo. Mwanawe, Moha, ndiye aliyempiga jembe la kichwa Assou, kifungua mimba wa Fadma, akamuua, wakigombea zamu ya maji shambani. Kabla mtu hajamzuia, Itto akamchinja kondoo palepale kizingitini. "Bouazza, aar yangu iko juu yako! Msamehe mwanangu!"

Aar si ombi la kubembeleza. Tangu enzi za mababu, damu ikishamwagwa mlangoni mwa mtu kwa jina hilo, hana budi kutoa alichoombwa. Akikaidi, majini walioinywa huja kukidai wenyewe. Kwa aar makabila yaliacha vita, na wauaji waliponea chupuchupu. Na nyama yake aliyeombwa haionji, hupewa maskini.

Bouazza, mume wa Fadma, aliyajua yote hayo, akajitia hamnazo. "Nitamla kondoo wake, kisha nitamla na mwanawe!" Akala mpaka akalamba vidole, akamlazimisha na Idder ale, mwana pekee aliyebaki. "Kisu hicho. Moha ni wako."

Fadma alikificha kisu ndani ya mtungi wa unga. Kaburi la mtoto mmoja lilimtosha.

Sasa, nyuma yake, kitu kilikoroma. Bouazza alikuwa amepiga magoti na mikono chini, analamba sakafu, na Fadma alipomwita jina aliinua uso uliojaa damu, akaukamata mkono wake mwenyewe kwa meno, akautafuna kama mbwa atafunavyo mfupa, huku machozi yakimtiririka na macho yakimwomba mkewe amzuie.

Majirani wanne walimshika. Aliwatupa ukutani, mmoja akavunjika mbavu. Fakihi Allal alifika na ubani wake, akasoma, akarudia kusoma, mpaka kinywani mwa Bouazza ikatoka sauti isiyo yake.

"Damu tumekunywa. Msamaha uko wapi?"

Fakihi alinong'ona. "Samehe, mzee wangu. Hapa mimi sina dawa."

"Sema umemsamehe, baba Idder!" Fadma alilia. "Sema upone!"

Bouazza aliutema mkono. "Nimemsamehe Moha! Mungu shahidi, nimemsamehe!"

Akaanguka. Mlangoni, kulamba kukakoma. Fadma alicheka na kulia kwa pamoja. Hakuna tena wa kuua wala wa kuuawa.

"Idder! Mwanangu, njoo, yamekwisha!"

Hakuna aliyeitika. Fadma aliutazama mtungi wa unga. Kifuniko kilikuwa chini. Akatumbukiza mkono, akapekua unga mpaka chini; kisu hakikuwamo.

Idder aliingia uani akitabasamu kama mtoto anayengoja kusifiwa, mikono yote miwili myekundu hadi viwikoni.

"Baba, ile kazi yako nimeimaliza."

"Usikanyage hapo!" Fadma alipiga kelele.

Lakini mguu ulikwisha kutua kizingitini, na chini ya unyayo wake ulimi ukaanza tena kulamba.