Kostiki Kwenye Tangi la Ilagala

"Kuhe, Kuhe. Gati anaita."

"Nakupata, Gati."

"Mzigo unapakiwa leo saa sita mchana. Boti tatu, wanaume mia mbili. Wanapanda kwa hiari yao. Tafuta kwa nini. Kwisha."

Hidaya aliipachika Motorola kiunoni, jirani na bastola ya Makarov, akashusha koti la mvua juu ya vyote viwili. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Februari 1997.

Kwa wakimbizi wa kambi ile ya muda, nje kidogo ya Ilagala, alikuwa mpima maji mgeni kutoka mjini. Kwa Mzee Abdul, aliyekaa na redio yake Kigoma akijiita Gati, alikuwa Kuhe: mzaliwa wa Ujiji, mwaka wa tisa katika idara isiyo na kibao mlangoni.

Alianzia pale kifo kilipokuwa. Hema la kipindupindu.

"Mwakeye, mama," Hidaya alisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye." Marcelina, muuguzi mkuu, hakuinua macho. Alikuwa akimfunika mtoto uso. "Huyu ni wa thelathini na moja."

"Klorini mnatia?"

"Kila siku. Kipimo kinageuka chekundu, maana yake ipo. Lakini wanaokunywa maji ya tangi ndio wanaoletwa hapa. Nimeuguza miaka ishirini, dada. Klorini haijawahi kunifanyia hivi."

Nje ya hema mwanaume mmoja, Mbembe aliyekimbia kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuwa akifunga mzigo wake kwa kamba ya katani.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwetu. Kuna boti za bure."

"Kwenu kuna vita."

"Bora risasi ya kwetu," alisema, akikaza fundo, "kuliko kufa kwa kuhara ugenini. Nimezika wawili."

Hiyo ndiyo hiari yenyewe.

Hidaya alipanda ngazi ya tangi. Alitoa mfukoni kipima pH, kifaa kama kalamu nene chenye kioo kidogo, akakichovya majini. Tarakimu zilicheza, zikatulia.

10.4.

Alikichovya tena. Ikawa ile ile.

Maji ya Mto Malagarasi hayakuwa na sababu ya kuvuka nane. Aliyasugua kati ya vidole. Yaliteleza kama sabuni.

Kostiki, magadi makali ya kupikia sabuni.

Mtu aliyefanya hivi aliijua kazi yake. pH, yaani kiwango cha magadi majini, ikipanda kiasi kile, klorini hubaki majini na kipimo chake huiona, lakini meno yake yameng'oka. Vimelea huogelea humo bila wasiwasi. Anayepima klorini peke yake atalala akiamini maji ni salama, na asubuhi atachimba kaburi.

Aliteremka hadi kibanda cha Gervasi, msimamizi wa maji, akafungua daftari lake.

"Safu ya klorini imejaa. Safu ya pH ni tupu wiki tatu. Kwa nini, kaka?"

"Vidonge vya pH viliisha." Gervasi alitabasamu. "Halafu hiyo pH ni mambo ya maabara, dada. Mtu mwenye kiu hakuulizi namba."

Hidaya alilipiga teke sanduku lililokuwa chini ya meza. Pakiti za vidonge zilimwagika, hata moja haijafunguliwa. Nyuma yake kulikuwa na ndoo yenye ukoko mweupe.

Tabasamu likafa.

Gervasi aliruka dirishani. Pikipiki yake ya Honda ilinguruma kabla Hidaya hajafika mlangoni.

"Mama Marcelina! Funga mabomba yote! Mwageni tangi, asinywe mtu!"

Aliirukia Land Rover ya kambi. Matope yalirukia kioo.

"Kuhe kwa Gati. Tangi limetiwa kostiki. Namfuata mmoja ufukweni. Nataka askari."

"Dakika arobaini."

"Sina."

"Najua, mwanangu. Kwisha."

Honda iliishia kwenye banda la Feliksi, mpika sabuni ya mawese. Hakuna ambaye angemuuliza mpika sabuni pipa la kostiki ni la nini. Mbele ya banda boti tatu zilielea, mbili zimekwisha kujaa wanaume na mizigo yao.

Saa tano na robo. Walikuwa wanawahi.

Feliksi alitokea na kopo mkononi. Hidaya aliposhuka garini, alimrushia kilichokuwamo.

Hidaya aliinama. Kostiki ilipita juu ya kichwa, ikamshika mkono wa kushoto. Nyama iliwaka.

Mkono wa kulia ulichomoa bastola.

Makarov ilisema mara moja. Feliksi alianguka akilishika goti. Kwenye boti ya mbele nahodha aliinua bunduki. Makarov ikasema tena, na bunduki ikazama pamoja na vidole viwili. Risasi ya tatu ilipasua injini ya Yamaha.

Gervasi alisimama ziwani, maji kiunoni, mikono juu, akilia.

"Kwa nini unatuzuia?" Yule Mbembe alikuwa amesimama katika boti, macho mekundu. "Tuache twende!"

Hidaya alimwelekezea Feliksi mtutu. "Waambie."

Feliksi aligeuzia uso pembeni.

"Waambie!"

"Kila mmoja wenu ana bunduki inayomngoja ng'ambo," Feliksi alisema akitema mate. "Wakubwa wanataka askari. Msingeondoka kama maji yangekuwa mazuri."

Mbembe alishuka polepole. Alipita mbele ya Feliksi bila kumgusa, akaketi mchangani, akajifunika uso. Wengine wakaanza kushuka, mmoja mmoja.

Hidaya aliuzamisha mkono ziwani, akauacha humo muda mrefu.

Askari walipowasili, redio ilikoroma.

"Kuhe, nipe idadi ya waliokamatwa."

"Waliokamatwa, watatu. Waliokufa, thelathini na mmoja."

"Niliuliza waliokamatwa."

"Nimekusikia, Mzee."

Alizima Motorola, akavuta koti juu ya mkono uliobabuka, akatembea kwa miguu kuelekea barabarani. Hakugeuka nyuma.