Sanduku Lenye Nafasi

Fundi seremala alitoka kazini jua likizama, mkono wa kulia ukimuuma kuanzia begani hadi vidoleni. Shida yake haikuwa kubwa: alitaka sanduku pana la kubebea drili ya betri, grenda na randa ya umeme. Vyote alikuwa akivibeba kwenye gunia, na gunia ndilo lililokuwa likimmaliza. Mke wake alifua nguo za watu, mtoto wao bado ananyonya. Mkono ule ukigoma, nyumba nzima inalala njaa.

Duka lilikuwa mwisho wa kichochoro. Muuzaji alikaa pembeni kwenye kiza, mikono ya shati lake imepita vidole.

"Jifungulie mwenyewe, fundi," alisema kwa sauti ya chini.

Sanduku la kwanza lilikuwa finyu. La pili, bawaba zake zilikuwa zimechoka kuliko yeye. La tatu lilikuwa jeusi, pana, na ndani lina sponji gumu lenye vishimo. Akajaribisha vifaa vyake. Drili ikaenea. Grenda ikaenea. Randa nayo.

Kikabaki kishimo kimoja.

Kilikuwa na vidole vitano.

Fundi hanunui sanduku bila kujaribu kila kishimo. Ndivyo alivyofunzwa kazi. Akalaza kiganja chake cha kulia. Humo mlikuwa na joto, na harufu ya dawa ya kuchua... Maumivu yakaisha yote. Angeweza kusinzia pale pale, wima.

"Umeenea," muuzaji alinong'ona. "Hela weka mezani."

Nyumbani aliliacha sanduku chumbani, akaenda kuoga. Ndoo ikamponyoka. Akajaribu kuiinua tena, vidole havikukunjika. Mkono ulikuwepo, na sugu zake zote, lakini ulining'inia tu. Akauuma kwa meno. Hakuhisi kitu.

Chumbani, drili ikaanza kuunguruma... Taratibu, kama iliyoshikwa na mtu anayeijua kazi.

Akakimbia na taulo lake. Drili ilikuwa imenyamaza. Sanduku lilikuwa wazi, na mke wake ameketi sakafuni kando yake, uso umetulia kama siku za uchumba wao.

"Umegusa nini humo?"

"Nilisikia drili inalia, nikafungua. Nimefua tangu alfajiri, mume wangu. Kulikuwa na nafasi ya mikono miwili... nikajipumzisha kidogo."

Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Ndipo fundi akamkumbuka muuzaji, na ile mikono ya shati. Dukani kishimo cha vidole kilikuwa kimoja tu.

Mtoto akalia kitandani.

Mama yake akamtazama, asiinuke. Fundi akamchukua kwa mkono wa kushoto, akambembeleza, akizunguka naye chumbani. Mtoto hakunyamaza. Bega likaanza kuchoka. Kisha kiwiko. Kisha vidole.

"Upumzishe kidogo," mke wake akanong'ona.

Fundi akageuka. Kwenye sponji kulikuwa bado na nafasi.