Sanduku la Vitabu la Editha

Jumapili moja misa ilipoisha, Editha hakubaki nje kupiga soga na wenzake. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kisomo cha watu wazima, akafungua dirisha, akatoa vitabu kwenye sanduku la mbao na kuvipanga mezani. Vyote alikuwa amevivika magazeti visichafuke. Kisha akakaa kusubiri wasomaji. Akasubiri mpaka jua likawa utosini. Nani aje! Hakuja mtu.

Zamani watu wa kijiji hiki, huku milimani juu ya Matombo, walikijaza chumba hicho. Siku hizi biashara imekuwa huria, na kila mtu anakimbizana na ndizi zake na mdalasini wake. Kule barabarani kuna jamaa kaweka banda la video. Jenereta lake linanguruma kutwa.

Jumapili hiyo aliingia mtu mmoja tu, Bwana Oscar, mratibu wa elimu wa kata. Alifungua daftari la kuazimia.

"Mama Editha, mwezi mzima wameazima watu wawili?"

"Wawili, bwana."

"Na mmoja ni wewe mwenyewe!"

Editha alilivuta daftari, akalifunga.

"Sikiliza, mama. Vitabu vipya hatuletewi tena. Hivi vilivyopo lazima viende kwenye wasomaji. Nitarudi baada ya wiki tatu. Nikikuta hali ni hii hii, sanduku linaondoka."

Editha alirudi nyumbani. Alijifunza kusoma katika chumba kile kile, akiwa tayari mama wa watoto watatu. Alijua kusoma kunavyopotea mtu asipopata cha kusoma. Dada yake alifika hatua ya nne ya kisomo, lakini juzi alishindwa kusoma kadi ya kliniki ya mwanawe. Sanduku likiondoka, kijiji kizima kitakuwa hivyo.

Kesho yake alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kabeba vitabu. Alianza na jirani yake Paskalia.

"Chukua hiki, mwenzangu. Kinafundisha kilimo bora cha migomba."

Paskalia alicheka mpaka akaketi chini. "Mimi? Niliyezaliwa mgombani? Huyo aliyekiandika aje nimfundishe!"

Mzee Petro alikipokea kwa heshima. Jioni alikirudisha, hajakifungua hata ukurasa mmoja. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na daftari halikuongezeka jina.

Alhamisi Editha alipanda lori la ndizi, akashuka Morogoro mjini. Alikwenda maktaba ya mkoa. Alisimama mlangoni, akiogopa kuingia na kandambili zake zenye tope. Mama mmoja wa makamo, mwenye ushungi na miwani, alimwona.

"Pita, mwanangu. Tope linafutika."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Bi Mwamvita, mkutubi wa hapa. Nikupe kitabu gani?"

"Vitabu ninavyo, mama. Nimekosa watu." Machozi yakamlengalenga, akaeleza yote.

"Unawapa vitabu gani?" Bi Mwamvita aliuliza.

"Vinavyowafaa. Wakulima wa ndizi nawapa cha migomba. Wenye watoto nawapa cha lishe."

"Hadithi hamna?"

"Zimo. Nimeziweka chini kabisa, nimezifunika kitambaa. Zina mambo ya wezi na mapenzi, na chumba ni cha parokia. Padri akiziona je?"

"Ulikwisha kumwuliza padri?"

"Hapana."

"Na wewe, umezisoma?"

Editha alitazama chini. "Zote," alisema. "Mara mbili."

Loo! Bi Mwamvita alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kisha akamvutia kiti.

"Sasa nisikilize. Kitabu cha migomba si kibaya. Lakini mtu katoka shambani hoi, wewe unamrudisha shambani! Usimchagulie mtu kwa kazi yake. Muulize anapenda kuongea habari gani. Anayependa ugomvi wa mahakamani, mpe hadithi ya upelelezi. Mpe viwili au vitatu, achague mwenyewe. Msomee mwanzo kidogo, na panaponoga, funga."

"Nifunge?"

"Funga kabisa! Kisipomnogea akirudishe, umpe kingine. Usimnunie. Na hayo magazeti yavue, mtu atajuaje kilichomo ndani?"

Jioni ile ile, aliporudi kijijini, Editha alimpelekea padri hadithi zile. Padri alikipekua kitabu cha upelelezi, akapekua tena. "Huyu mwizi walimkamata?" aliuliza. Basi, Editha akapumua.

Jumapili alimwita Mzee Petro, ambaye hakosi kesi yoyote ya mipaka ya mashamba. Alimsomea ukurasa wa kwanza wa hadithi ya mauaji, akafunga.

"Mbona unafunga?" Mzee Petro alifoka. "Kamuua nani?"

"Soma mwenyewe, mzee."

Mzee alikinyakua. Paskalia, ambaye hapitwi na harusi, alichagua hadithi ya ndoa, na Jumanne akaja mbio kuulizia nyingine. Majina yakaanza kupanda daftarini.

Lakini Stefano alimtia wasiwasi. Stefano alifanya kazi kiwandani mjini miaka ishirini. Kiwanda kilipouzwa akapunguzwa, akarudi nyumbani. Alipenda kusimulia safari, kwa hiyo Editha alimpa kitabu cha safari. Alikirudisha siku ya pili.

"Hakininogei, shemeji."

Karibu Editha aseme neno kali, akalimeza. "Sasa ungependa kujua nini, shemeji?"

Stefano alitazama huku na huku, kisha akanong'ona. "Migomba. Nimeondoka hapa kijana. Watu watanicheka nikiwauliza."

Jamani! Editha alimpa kitabu cha migomba kwa mikono miwili.

Siku ya Bwana Oscar ikafika. Editha hakulala vizuri. Mratibu aliingia, akainua kifuniko cha sanduku, akashtuka. Lilikuwa tupu.

"Vitabu viko wapi, mama? Vimeibwa?"

Editha alimpa daftari. Bwana Oscar alisoma majina yote, moja moja, kwa kidole. Watu thelathini na mmoja. Wengine watatu walikuwa kwenye orodha ya kusubiri.

"Hata hiki cha lishe kimeazimwa?"

"Dada yangu anacho. Anasoma polepole."

Mratibu alifunga daftari, akatabasamu. "Sanduku hili haliondoki. Tena nitawaongeza jingine. Kijiji cha ng'ambo ya mto wanalo, na kule haazimi mtu. Kesho nakwenda kulichukua."

Editha angeshangilia. Badala yake alikumbuka siku alipotishiwa kunyang'anywa sanduku lake.

"Kule anayelitunza nani?"

"Mama mmoja, Agnes."

"Usilichukue, bwana. Nipe wiki tatu." Alikwisha kujifunga kitenge kiunoni. "Kesho nakwenda na wewe."