Muhali Uliomponza Swafia

Enyi wenzangu wenye maduka, nanyi mnaoagiza bidhaa ng'ambo kwa simu mkiwa mmejilaza kitandani, nipeni masikio. Nitawaeleza yaliyompata Swafia wa Biashara Street, na sitawapambia maneno.

Asubuhi dukani kwa Swafia zilikuwa raha tupu. Wanawake waliingia kwa salamu ndefu, wakazipapasa kanga, wakaulizana habari za watoto kabla ya kuulizana bei. Kwa miaka kumi na minne kanga hizo alizichukua kwa Chonga, mwenye ghala pale mjini, mtu wa maneno machache ambaye kila mzigo humfungulia mteja auone kwanza.

Siku moja akaja Bi Raihana wa Ganjoni. Alikuwa anamwoza bintiye, akataka sare: doti mia tatu, nyekundu na nyeupe, ukoo mzima uvae siku ya harusi.

"Mwanangu Swafia, nimekuachia wewe. Usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Aibu yako ni yangu, Bi Raihana. Ondoa shaka."

Habari zikamfikia Hussam, mtoto wa shangazi yake Swafia. Hawa wawili walilelewa nyumba moja Mji wa Kale, wakila sinia moja. Siku hizi Hussam yuko Uchina, akiwanunulia watu bidhaa huko na kuwatumia.

"Dada, mimi niko huku, nawe wampa Chonga faida?" alimwambia kwa simu. "Niachie mimi. Wiki sita tu, mzigo uko bandarini Kilindini."

Swafia akaagiza sare, akaongeza na mzigo wote wa Idi. Alitamani kumwambia, nitumie doti moja kwanza niifue niione. Neno likamfika mdomoni, akalimeza. Atamwambiaje ndugu yake hivyo? Si ataonekana anamshuku? Akaona muhali. Akapokea picha kwenye simu, akajibu, "Mashallah, endelea." Naye Chonga, Swafia hakumwambia kitu, aliacha tu kumpigia. Msimcheke, maana muhali huo tunao sote.

Wiki sita zikawa nane, zikawa kumi. Mara meli imekwama, mara makaratasi, mara kiwanda kimefungwa kwa sikukuu. Kila simu Hussam alianza kwa kuulizia afya za watoto, na Swafia akaona muhali tena kumkaripia. Bi Raihana akiuliza, anaambiwa, "Zaja, Bi Raihana, ziko njiani."

Mzigo ulifunguliwa zikiwa zimebaki siku tano harusi ifike. Ogutu, wakala aliyeutoa bandarini, alipasua robota la kwanza, akampa Swafia kanga moja. Ilikuwa ngumu kwa wanga, nyepesi, yateleza. Mikono ya Swafia ilikuwa na jasho. Alipoiachia, viganja vilikuwa vyekundu.

"Mama, hii ni pamba kweli?" Ogutu akauliza polepole.

"Fungua jingine."

Wakafungua jingine, na jingine. Ogutu akamwagia kanga moja maji ya chupa, na wekundu ukatapakaa kwenye weupe wote. Swafia akakaa juu ya robota. Akampigia Hussam papo hapo.

"Hussam, hizi si zile za kwenye picha!"

"Kile kiwanda kilikuwa ghali, dada. Nikapeleka kwingine. Nami lazima nile."

"Ule kwangu? Mimi dadako?"

"Kwani mteja gani huagiza mzigo mzima asitake sampuli? Ungetaka, ningekutumia."

Loo! Hilo ndilo lililomchoma. Hussam alijua vyema kuwa dadake ataona muhali, na muhali huo ndio alioufanyia biashara. Swafia alilia mbele ya wapagazi bila kujificha.

Akamkimbilia Chonga.

"Sare nyekundu nilikuwa nazo, dada," Chonga akamwambia. "Miezi mitatu hata salamu hukunipa. Nikampa mwenzio wa duka la mbele."

Hapo hakubakiwa na pa kwenda ila Ganjoni. Bi Raihana alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakupiga kelele.

"Ungeniambia tangu ile wiki ya saba, mwanangu, ningejipanga," alisema.

Siku ya harusi kila mtu alivaa alichonacho. Wakwe walipouliza sare ziko wapi, Bi Raihana, mwanamke asiyejua kusema uongo, akalitaja duka la Swafia. Mpaka leo wanawake wale wakipita Biashara Street humsalimia Swafia vizuri sana, kisha huenda kununua kwenye duka la mbele.

FUNZO

Msiseme Uchina ni kubaya, wala ndugu wote ni wabaya. Agizeni mbali, riziki iko kote. Lakini kabla kitu hakijapakiwa, kishikeni mkononi, kifueni, na mkaguzi wake asiwe yule yule anayewauzia. Wekeni siku za ziada, maana meli haijui harusi ya mtu. Muuzaji wa karibu msimtupe kwa kuwa mmepata wa mbali. Chukueni huku na kule, mmoja akiwaangusha, mwingine awashike. Mzigo ukichelewa, mwambieni mteja mapema, akasirike angali na nafasi ya kutafuta kwingine. Na ndugu akiuliza, "Kwani huniamini?" mjibuni kwa upole, "Nakuamini, lete sampuli." Oneni muhali kumnyima mgeni chakula. Kwa mzigo wa watu, msione.